Ukurasa wa Sefu Usioguswa

"Bi Mwanatumu, eti ni kweli mtoto wa nduguyo sasa anasomwa mpaka Ulaya?"

Jirani yake Mbodze aliuliza hivyo juu ya ua, ungo ungali mkononi. Bi Mwanatumu akajibu "Alhamdulillahi" tu, maana jibu jingine hakuwa nalo. Sefu ndiye aliyekuwa nalo, na alilitangaza kutoka Mwabungo hadi Msambweni bila kuombwa!

Mwaka ule wa tisini na nane, Sefu alikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya Diani. Kazi yake kuhesabu sabuni. Lakini tangu mtalii mmoja wa Kijerumani amwonyeshe maandishi yaliyojificha nyuma ya ukurasa wake wa intaneti, naye akayanakili kwenye disketi, sabuni zikakosa wa kuzihesabu. Bwana mkubwa keshakuwa fundi wa HTML, ile lugha ya kuundia kurasa za intaneti!

"Shangazi, ni lugha," alimfundisha, akichora mchangani kwa kijiti. "Kila kitu kina tegi mbili, yaani alama za mwanzo na mwisho. Hii inafungua, hii yenye kistari cha mshazari inafunga. Kichwa cha habari: fungua, andika, funga. Aya hivyo hivyo."

"Kama kuanza kwa Bismillahi na kumaliza kwa Alhamdulillahi."

"Hapo hapo! Usipofunga, herufi kubwa zinaendelea tu, ukurasa mzima unapiga kelele."

Bi Mwanatumu alimjua mtu wa namna hiyo.

Sefu akatoa karatasi. "Hapa nimeondoa jina la Mjerumani, nikaweka langu. Na picha yake, nikaweka yangu."

"Na haya maneno marefu hapa chini, mwanangu?"

"Hayo ni ya mashine, Shangazi! Hayaguswi. Ukiyagusa, ukurasa unakufa."

Kijerumani cha Sefu kilikuwa cha ufukweni: akikisikia, anakijibu kwa meno yote thelathini na mbili. Kukiona kimeandikwa, hajawahi.

Basi Sefu akamtaka Subira, binti wa Mzee Mwero, na Bi Mwanatumu ndiye aliyepeleka posa. Mzee hakukataa. Alisema tu kwamba, kabla ya kutoa jibu, angependa kujua kijana anaishi vipi.

"Waje wajionee kwenye kompyuta!" Sefu akacheka. "Wengine wanaulizwa kwa majirani. Mimi naulizwa kwa dunia nzima!"

Jumamosi Mzee Mwero na wazee wenzake wakaingia duka la kompyuta pale Ukunda, kanzu zimenyooshwa kama za Maulidi. Wakasoma Fatiha kwanza. Disketi ikaingia, ikakoroma. Likatokea jina SEFU, kubwa kama kibao cha hoteli, likiwaka na kuzima. Kisha picha yake ikaanza kushuka polepole: paji la uso, ikafuata pua, halafu tabasamu.

"Mashaallah," Bi Mwanatumu akanong'ona nyuma yao.

"Huko chini msihangaike nako, wazee wangu," Sefu akasema. "Ni mambo ya mashine."

Lakini Mzee Mwero alikuwa amewaendesha Wajerumani kwa gari miaka mingi, akisoma magazeti waliyoyaacha vitini. Akavaa miwani.

"Mashine yako inasema hivi," akaanza taratibu. "'Karibuni nyumbani kwangu. Mimi na mke wangu mpenzi tunapenda sana divai nyekundu.'"

Mtu akakohoa.

"'Mbwa wetu wawili hulala nasi kitandani.'"

Astaghfirullahi zilizomiminika mle dukani zingetosha mwezi mzima wa toba! Sefu akafungua mdomo, akausahau wazi. Tegi ya kuufunga haikuonekana. Mzee Mwero akavua miwani, akaaga kwa adabu ile inayochoma kuliko matusi.

"Bi Mwanatumu, nisalimie mkaza mwanao, yule wa huko Ulaya."

Wakatoka wote. Nyuma yao jina la Sefu likaendelea kuwaka na kuzima.

Alasiri fundi akaja uani kwa shangazi yake, akaketi juu ya kinu kilicholazwa. Leo hakuchora kitu mchangani.

"Shangazi, naomba urudi kwa Mzee Mwero, umwambie sina mke, sina mbwa, na hicho kitanda chenyewe bado sijakinunua."