Vuguvugu la Ghorofa ya Chini

Idara ya Utulivu wa Umma ina heshima kubwa kuutangazia umma kwamba vuguvugu lililozuka ghorofa ya chini ya jengo letu lilidhibitiwa kikamilifu. Hakuna mkubwa aliyedhurika, ukiacha kidole kimoja cha Mkurugenzi, ambacho kinaendelea vizuri na kimepewa likizo ya siku tatu.

Mimi ni karani wa masijala. Mihtasari ya vikao vyote niliiandika mimi, kwa hiyo naomba niaminiwe.

Kila siku saa mbili kasorobo asubuhi, kabla mlinzi hajawafungulia wananchi mlango, mimi na Mama Ndoo husimama mbele ya tangi la samaki pale mapokezi. Mama Ndoo ni mfagizi wetu. Jina lake la kwenye faili hakuna anayelikumbuka. Yeye hugusa kioo kwa mgongo wa kiganja, kisha husoma kipimajoto kwa sauti: "Ishirini na tano." Nami naandika ishirini na tano kwenye daftari. Tangi hilo ndiyo huduma pekee ya Idara ambayo haijawahi kulalamikiwa. Mwananchi akiambiwa arudi kesho, huwatazama samaki kumi na wawili wakipita taratibu, moyo ukatulia, akarudi kesho.

Jumanne ile Mama Ndoo aligusa kioo, akaondoa mkono, akaurudisha.

"Kumi na tisa," alisema. "Andika, mwanangu. Hita imekata roho."

Samaki wote walikuwa wamejilaza kwenye changarawe, mapezi yamebana ubavuni kama watu wanaosubiri kuitwa dirishani. Hata yule mwekundu mkubwa tunayemwita Afande, ambaye kazi yake ni kuwafukuza wenzake, alikuwa amesahau cheo chake.

"Watakufa?" niliuliza.

"Leo hapana. Tukiwaacha hivi mpaka Ijumaa, hesabu maiti." Alichomoa waya ukutani ndipo akaingiza mkono majini. "Hita zina namna mbili za kuharibika. Kuna inayozima kimyakimya, samaki wakaganda. Kuna inayogoma kuzima, wakawa supu. Ndiyo maana hutakiwi kuamini kubwa moja. Unaweka mbili ndogo. Hii ikifa, ile inashika. Hii ikipata wazimu, peke yake haina ubavu wa kuwapika."

Mbili ndogo alikuwa nazo nyumbani, akaenda kuzichukua. Marehemu mumewe alikuwa mfugaji wa samaki wa mapambo. Lakini kifaa cha mtumishi hakichomekwi kwenye soketi ya ofisi bila kibali cha Mkurugenzi, na kibali huombwa kwa dokezo.

Hapa inabidi niutaje Waraka Namba Tisa. Kwa kuwa macho ya Mkurugenzi huchoka baada ya mstari wa tatu, waraka unaagiza kwamba dokezo lisizidi mistari mitatu, na kichwa cha habari kihesabiwe kuwa mstari. Langu lilikuwa na minne. Nikafuta kichwa cha habari, kilichosema "Maji ya Samaki". Likabaki hivi:

*Ghorofa ya chini panahitajika vuguvugu kwa haraka.*
*Bila hivyo, kuna watakaokufa kabla ya wiki kwisha.*
*Mama Ndoo ana vifaa na yuko tayari kuanza hata leo.*

Nililisoma mara mbili, nikajipongeza kwa ufupi, nikalipeleka kwa Mkurugenzi.

Saa sita mchana ilikuwa imeshaundwa Kamati ya Dharura ya Kuzima Vuguvugu, yenye wajumbe saba na makamu wenyeviti wawili, mmoja akiwa wa akiba. Niliitwa kuandika muhtasari. Nilipoona ajenda, nikainua mkono.

"Mkurugenzi, samahani, kuhusu lile neno..."

"Mwandishi haongei," alisema Mkurugenzi. "Mwandishi anaandika."

Nikaandika kwamba mwandishi haongei. Sauti yangu ni ndogo tangu utotoni, na siku hiyo ilirudi tumboni ikakaa.

Mama Ndoo aliletwa na Mkuu wa Usalama, ndoo mkononi.

"Mama," alianza Mkurugenzi kwa upole wa kutisha. "Tunajua yote. Wako wangapi?"

"Kumi na wawili, baba."

Wajumbe walitazamana. Makamu wa akiba alisogeza kiti karibu na mlango.

"Kiongozi wao nani?"

"Afande."

"Afande gani?" Mkuu wa Usalama aliruka, maana naye huitwa hivyo hivyo.

"Yule mwekundu. Anawaonea wenzake, lakini siku hizi kanyong'onyea."

"Wanakutana wapi?"

"Wakutane wapi tena? Si pale pale mapokezi, mbele ya watu. Hawatoki."

"Ujasiri ulioje," alinong'ona Makamu.

"Na wanataka nini hasa?" aliuliza Mkurugenzi.

Mama Ndoo alifikiri. Ni mtu wa kujibu swali kama lilivyoulizwa.

"Hawana makuu, baba. Wapate riziki yao asubuhi, wasibadilishiwe hali ghafla, na uchafu uondolewe mara moja kwa wiki."

"Siasa kali," alisema Mkuu wa Usalama, akaniamuru nipigie mstari.

Ndoo ilipekuliwa. Ndani yake, chini ya dekio, kulikutwa vijiti viwili vya kioo vyenye nyaya. Vikaitwa Kielelezo A na Kielelezo B.

"Sawa, chukueni," alisema Mama Ndoo. "Ila nawaomba, msiwashe kabla haijazama."

"Kabla haijazama," alirudia Mkuu wa Usalama polepole. "Anaisema Idara."

Kamati iliazimia mambo mawili. Mama Ndoo asimamishwe kazi kupisha uchunguzi. Na vuguvugu la aina yoyote lipigwe marufuku jengo zima, ghorofa zote, bila kujali cheo. Azimio la pili lilitekelezwa kwa uaminifu mkubwa na mpika chai wetu. Mkurugenzi hawezi chai ya moto, ulimi wake mwepesi, lakini kuanzia siku ile aliletewa ama inayochemka ama ya jana. "Ya katikati imekatazwa, bosi," alisema mpika chai. "Mimi nina watoto." Mkurugenzi akampa barua ya pongezi, akanywa ya jana.

Mama Ndoo alinipitia masijala kuaga. Hakulia. Alinishika bega kwa mkono uliokuwa bado na unyevu.

"Lifunike tangi na kitu kizito, pande tatu," alisema. "Tia maji ya moto kwenye chupa, ifunge vizuri, ielee humo. Usimwage ndani, utawaua kwa mshtuko. Pole pole, mwanangu. Digrii moja moja."

Nililivisha tangi sweta langu. Mpika chai alinipa maji ya moto kwa siri, huku akisema kwa sauti kwamba hanijui. Jumatano, kumi na nane. Alhamisi, kumi na nane na nusu, nikafurahi kama mtu aliyepandishwa cheo. Afande alifumbua mdomo mara moja, akaufunga. Mara nne nilipanda ngazi kwenda kwa Mkurugenzi kumweleza. Mara nne nilifika mlangoni, nikashuka.

Alhamisi hiyo hiyo Mkurugenzi alifanya uchunguzi wa kitaalamu. Alikiweka Kielelezo A juu ya meza yake, juu ya rundo la nyaraka, akakichomeka, akakodoa macho kuona kitafanya nini. Hita ya majini ikiwashwa pakavu haina pa kupeleka joto lake. Ilikaa kimya dakika mbili. Mkurugenzi akaigusa kwa kidole kuihoji. Yowe lake lilifika mapokezi, likifuatiwa na mlio wa kioo kupasuka, na Waraka Namba Tisa ukaungua katikati. Muhtasari unasema: "Kielelezo kilimshambulia Mkurugenzi bila kuchokozwa."

Jioni hiyo alituma taarifa makao makuu kwamba amezima vuguvugu kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa asubuhi akaja Katibu Mkuu. Ni mama mfupi wa miwani, hana haraka, na alikuwa ameshika nakala ya dokezo langu, iliyoambatishwa kwenye taarifa. Mkurugenzi alimpokea pale pale mapokezi, mbele ya wananchi waliojaa kwenye mabenchi. Mama Ndoo aliitwa atoke nyumbani aje kuonyeshwa. Kidole kimefungwa bandeji, Mkurugenzi aliinua juu Kielelezo B na kuanza hotuba.

"Mheshimiwa, kwa chombo hiki walitaka kututeketeza. Nimelizima vuguvugu lao. Leo hapa ni shwari, ni baridi."

"Baridi kweli," alisema mzee mmoja kwenye benchi. "Hata samaki wenu wanatetemeka. Siku ya nne leo nawaangalia."

Katibu Mkuu aligeuka akalitazama tangi lililovaa sweta. Akalisoma dokezo kwa sauti, mistari yote mitatu. Akatazama tena tangi.

"Vuguvugu gani hili, Mkurugenzi?"

"La kisiasa, mheshimiwa."

"Si maji hayo?" aliuliza mzee. "Wanataka maji ya vuguvugu."

Benchi la kwanza lilicheka. La pili likadakia. Mlinzi alijigeuza ukutani, mabega yakimruka. Mkurugenzi alibaki mkono juu, na jasho likaanza kumtoka, likiwa ndilo joto la kwanza kuonekana jengoni tangu Jumanne.

"Karani huyu hajui kuandika," alisema. "Huyo hapo. Aseme mwenyewe alimaanisha nini."

Watu wote wakanigeukia. Nilitafuta sauti yangu nikaikuta palepale tumboni.

"Nilimaanisha maji ya samaki," nilisema. "Kichwa cha habari nilikifuta ili mistari itoshe. Watakaokufa ni hao kumi na wawili. Na Mama Ndoo alitaka kuwachomekea hita, basi."

Katibu Mkuu alinyoosha kiganja, Mkurugenzi akashusha mkono, na Kielelezo B kikapita kikafika kwa mwenyewe. Mama Ndoo alikizamisha majini, akakaa kwenye ukingo wa benchi akisubiri kioo kizoee. Baada ya nusu saa, ambayo Katibu Mkuu aliitumia kuuliza maswali mengi na Mkurugenzi kuyajibu machache, Mama Ndoo alichomeka waya. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Alikuwa tayari kazini, barua yake ya kusimamishwa ameifutia kioo.

Mkurugenzi alinisogelea, akainama kuninong'oneza, ingawa pale kila mtu alisikia.

"Wewe binti. Siku nne zote. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakuogopa, Mkurugenzi," nilisema. "Ila leo nimekuona unahutubia huku umenyanyua hita ya samaki, na woga wote umeniisha."