Jua la Nyumba ya Kona

Jumatatu, 13 Mei

Habari kubwa! Bi Terpstra anahama. Si uvumi, kasema mwenyewe huku akifagia mbele ya mlango wake. Bustani imemshinda, mgongo haumtaki tena. Anatafuta mtu wa mtaa huu huu wabadilishane nyumba. Shirika la nyumba halina neno, mradi wapangaji wawili wakubaliane. Yaani uamuzi ni wake.

Nyumba ya kona! Bustani inayopata jua mpaka baada ya chakula cha jioni, na bado likabaki la kunywea kahawa. Yetu jua huja asubuhi, mchana tu linapita nyuma ya paa la nyumba za nyuma. Kwisha habari yake. Kuanzia hapo mimi na Hinke tunakaa nje na makoti.

Nikamwambia Hinke. Akasema nyumba yetu inatosha: paa halivuji, majirani hawana kelele, bata wapo mferejini. Yote kweli. Lakini jua, mke wangu, jua!

Tatizo ni Sjoerd Postma, jirani yangu wa ukuta mmoja. Jioni nimemwona na ndoo, anamsaidia Bi Terpstra kuosha madirisha. Mtu ambaye yake mwenyewe hajayagusa tangu Pasaka. Mnafiki mkubwa.

Jumanne, 14 Mei

Hinke kaenda mji wa Zwolle kwa dada yake, atarudi Jumatatu. Afadhali. Mipango mizito haitaki mashahidi.

Nimenunua maua ya okidi, vyungu viwili vyeupe, nikavipanga dirishani, kimoja kulia kimoja kushoto, kama inavyompasa mtu mstaarabu. Bi Terpstra akapita, akatazama ndani, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikajiona nimeshaingia nyumba ya kona na viatu vyangu.

Wapi! Mchana Sjoerd kaweka dirishani kwake korongo wawili wa kaure, warefu kuliko okidi zangu. Bi Terpstra alisimama. Akainama kuwatazama. Akacheka, tena kwa sauti! Viazi vyangu vya jioni havikuwa na ladha.

Sasa basi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nitainama mpaka paji liguse sakafu.

Jumatano, 15 Mei

Mpango: nitachonga mtaa wetu wote kwa mbao. Nyumba zote, mfereji, bata, na taa ndogo katika kila dirisha. Bi Terpstra akiona nyumba yake ya miaka yote imechongwa kwa upendo, moyo utayeyuka. Korongo wa kaure watakuwa takataka.

Lakini iwe siri mpaka siku yenyewe. Nimefunga mapazia ya sebuleni. Mara ya kwanza tangu tuhamie hapa! Nilijisikia vibaya kidogo, kama mtu anayeoga na nguo. Kisha nikashika msumeno na nyundo, nikagonga kutwa nzima.

Jioni kengele ikalia. Sjoerd! Kakumbatia mbao za msonobari, nzuri, zimepigwa randa. Hakutaka kuingia. Akasema polepole, macho chini, "Mbao zikikupungukia, jirani, sema. Hata kubeba, mimi nipo."

Kubeba nini? Hakuna nyumba hata moja niliyochonga iliyopita boksi la viatu. Jasusi huyu. Mbao nimezichunguza pande zote, sikuona hila. Baadhi nimezitumia kuchonga kanisa la mtaa wangu wa mbao.

Alhamisi, 16 Mei

Mambo ya ajabu. Pipa langu la taka limepelekwa barabarani na kurudishwa, sijui na nani. Mlangoni nimekuta sufuria ya supu ya njegere ya Renske, mke wa Sjoerd, na soseji nzima ndani. Supu ya njegere mwezi wa Mei! Hiyo si supu ya mchezo, watu wa hapa huila barafu ikiwa mferejini. Kando yake maua meupe. Watoto hawachezi mpira. Mtaa wetu ni kimya siku zote, ila leo hata bata wananong'ona.

Nikala supu. Tamu kupita kiasi.

Baadaye akaja Bi Terpstra mwenyewe, amevaa koti lake jeusi. Akanishika mikono yote miwili. "Wiebe," akasema, "Hinke alikuwa mwanamke safi sana. Madirisha yake yalikuwa yanang'aa."

Alikuwa!

Ndipo akili ikanirudi. Mapazia! Hapa kwetu mapazia hufungwa mchana nyumba ikiwa na maiti, basi. Na Hinke hajaonekana tangu juzi. Na mimi nagonga misumari kutwa. Salale! Wamedhani nachonga jeneza!

Nikafungua mdomo nimwambie. Naapa, niliufungua. Akaweka kidole midomoni, akasema nisiseme kitu, maneno yana wakati wake. Jumapili mtaa mzima utakuja kwangu kunywa kahawa, na yeye atakuwa na neno kuhusu ile nyumba yake. Mtu mwenye uchungu anahitaji jua, akasema.

Nikaufunga mdomo.

Sijasema uongo. Sijasema chochote kabisa. Hapa kwetu hakuna anayemuuliza mwenzake jambo la ndani ya nyumba, ni utovu wa adabu. Sasa kama hawaulizi, mimi nijibu nini?

Usiku Hinke akapiga simu. Akauliza kuna jipya gani mtaani. Nikamwambia hakuna, ila watu wanamtaja sana. Akafurahi.

Jumamosi, 18 Mei

Mtaa umekamilika. Mzuri, jamani! Taa zinawaka. Katika bustani ya kona nimeweka kijitu cha mbao, kimekaa kitini, kikombe mkononi, uso umeelekea jua. Ni mimi. Nimejichonga tumbo dogo kuliko la kweli.

Sjoerd kanikatia majani ya bustani. Kingo kazinyoosha kwa mkasi, amepiga magoti, mzee mzima, saa nzima. Nilimtazama kwenye upenyo wa pazia. Moyo ulinichoma, sitaficha. Nilifika hadi mlangoni nikamwambie ukweli. Halafu jua likatoka mawinguni, likapita juu ya paa letu, likaenda zake kwenye nyumba ya kona.

Nikarudi ndani nikamalizia supu.

Jumapili, 19 Mei

Sijui nianzie wapi.

Wamekuja wote. Viti tumevipanga duara, magoti yanagusana. Kahawa, kipande kimoja cha keki ya tufaha kwa kila mtu. Mapazia bado yamefungwa, mtaa wangu wa mbao nimeufunika shuka pale dirishani. Watu wakatazama lile shuka, wakatazama pembeni. Renske alilia. Sjoerd akanisogezea kipande chake cha keki. Kipande chake mwenyewe! Hajawahi kumfanyia hivyo hata mama yake.

Bi Terpstra akaweka kikombe chini. Akaanza: amefikiri sana, na nyumba ya kona ameona aiachie…

Ufunguo ukalia mlangoni.

Hinke! Na sanduku lake la magurudumu. Kumbe dada yake kaugua meno, naye karudi siku moja kabla. Akasimama, akaona viti duara, akaona keki, akaelewa jinsi mwenyeji yeyote wa hapa angeelewa: sikukuu ya kuzaliwa ya mtu! Akavua koti. Akaanza kuzunguka duara, mkono kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, maana hapa kwetu siku hiyo hupongezwa kila aliyekuja. Hongera, Renske. Hongera, Bi Terpstra. Hongera, Sjoerd. Renske aliupokea mkono amefumba macho.

Alipomaliza akauliza ni siku ya kuzaliwa ya nani.

Sjoerd ndiye aliyejibu. "Nadhani ni yako, Hinke," akasema.

Nikataka kujiokoa. Nikafungua mapazia, nikavuta shuka, nikawasha taa, nikasema ni zawadi tu jamani, nilikuwa nachonga zawadi! Bi Terpstra akavaa miwani. Akaitafuta nyumba yake, akaiona. Akakitazama kile kijitu cha bustanini muda mrefu.

"Huyu ni wewe," akasema. "Na mimi niko wapi?"

Sikuwa nimemchonga. Jamani, sikuwa nimemchonga! Nilichonga bata kumi, yeye nikamsahau.

Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha yule bibi akaanza kucheka, zaidi hata ya siku ya korongo. Akasema mtaa unaopika supu ya njegere mwezi wa Mei kwa ajili ya mtu ambaye hata hajafa, siku yeye akifa kweli utampikia nini? Hahami. Hahami ng'o. Kama ni bustani, lango liko wazi, kila anayetaka jua alete kiti chake na aje na jembe.

Hinke hajaniambia neno tangu hapo, ila moja: nirudishe sufuria ya Renske, na niioshe vizuri.

Jumatano, 22 Mei

Nimetoka sasa hivi bustani ya kona. Nilipalilia vitunguu, Sjoerd akapogoa waridi, Bi Terpstra akatoa amri kutoka kivulini. Baada ya chakula cha jioni tukakaa. Jua usoni! Hinke kanisamehe, alinimiminia kahawa mwenyewe. Bi Terpstra kafungua bati la biskuti mara mbili. Mara mbili! Nilikuwa na raha, sina cha kudai. Nimejifunza: jua ni letu sote, na hila hazina maana.

Ila pale ukutani, palipo na joto zaidi, panapobaki na jua hadi mwisho kabisa, Sjoerd ameweka kiti chake. Kila siku. Kama vile alizaliwa pale.

Nimeshafikiri. Nitachonga benchi la kupachikwa pale pale ukutani, limwenee mtu mmoja tu, niliweke kabla hajaamka. Mbao alizoniletea Sjoerd zimebaki nyingine. Kesho Hinke anarudi Zwolle kumwangalia dada yake.

Nitafunga mapazia, Sjoerd asinione nikigonga.