Mtindi wa Toba

Siku Prodromos alipomwona mwenyekiti wa Benki ya Alkiona katika soko la Kapani, akibishana na muuza zeituni, alisimama kama aliyepigwa na umeme. Kisha akajicheka. Mwenyekiti gani huyo? Magazeti yote ya Thesaloniki yalisema Bwana Kleanthis Doukas yuko Uswisi anatibiwa moyo, habari iliyowashangaza wengi, maana hawakujua kama anao. Tena mtu aliyemeza benki nzima hagombanii bei ya zeituni. Huyu hapa alikuwa na ndevu zisizotunzwa na koti lililochoka viwikoni. Basi si Doukas. Ni maskini wa Mungu aliyejaliwa sura ya Doukas akashindwa kuitumia, na Prodromos hakuwahi kuvumilia kuona mali imelala bure.

Prodromos alikuwa tapeli, lakini tapeli mwenye heshima zake. Aliwahi kupangisha nyumba ya balozi aliyekwenda likizo. Aliwahi kuuza mafuta ya alizeti yaliyopata rangi ya zeituni kwa njia ambazo si vizuri kuzisimulia watu wakiwa mezani. Sasa umri ulikuwa umepita hamsini, miguu ilimuuma, na moyo wake ulikuwa umependa kitu kimoja tu: kibanda cha sigara na magazeti kule ufukweni, karibu na Mnara Mweupe. Mwenye kibanda alikuwa mzee aliyechoka, akamwahidi atamngoja mpaka sikukuu ya Mtakatifu Dimitrios, basi. Pesa za kibanda zilikuwa ndani ya kopo la biskuti nyuma ya kabati, na zilibaki kidogo kutimia. Zikitimia, angeketi kivulini maisha yake yote, akiuza sigara halisi na kurudisha chenji kamili. Hilo la chenji lilimtia hofu, lakini alijiambia atazoea.

Mwaka ule mji ulikuwa unachemka. Benki ya Alkiona ilianguka, serikali ikaiinua kwa kodi za watu, kisha ikawakata pensheni watu wale wale ili kulipia gharama za kuinua. Waziri alipoulizwa pesa zimekwenda wapi, aliahidi uwazi. Uwazi ukaja kweli: ripoti nene kama tofali, kila mstari umepakwa wino mweusi isipokuwa jina la mchapishaji. Sasa, Wagiriki mkubwa akiwaudhi hawampigi mawe. Wanamrushia mtindi. Mtindi hauvunji mtu pua, lakini sijapata kumwona waziri aliyebaki waziri akiwa na mtindi kwenye nyusi. Tatizo ni kwamba wakubwa nao walishajua kujificha. Mtindi ulikuwepo, hasira ilikuwepo, uso tu ndio uliokosekana. Na uso wenyewe sasa ulikuwa pale Kapani, unaonja zeituni bila kununua.

"Kaka," Prodromos akamsogelea, "kuna mtu amewahi kukwambia unafanana na nani?"

Yule mtu akakauka, zeituni mkononi. "Na nani?"

"Na yule mwizi wa Alkiona."

"Mimi naitwa Iordanis," akajibu upesi. "Natoka Kavala. Nilikuwa mwigizaji wa jukwaani. Sina ujamaa na mwizi yeyote."

"Taratibu, mzee, sijakuita mahakamani. Nataka kukupa kazi."

"Kazi gani?"

"Kukaa kwenye kiti, kurushiwa mtindi."

Iordanis akatafakari kwa uzito wote. "Wa ng'ombe au wa kondoo?"

Prodromos akajua amempata mtu wake.

Watu wa mtaa wa Ano Poli si wajinga; ukitaka kuwaingiza mjini lazima upitie kanisani. Kwa hiyo Prodromos alikwenda kwenye mkahawa wa Bi Evanthia, akaagiza kahawa chungu, akaanza kunong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kwamba Doukas hakwenda Uswisi. Kwamba alipanda Mlima Athosi, mlima wa watawa, usiku wa manane, akapiga magoti mbele ya mtawa mzee, akaungama yote. Mtawa akalia mpaka ndevu zikalowa, kisha akampa kitubio: aende akakae mbele ya wale aliowaibia, kichwa wazi, apokee mtindi wao kimya kimya. Na atakayempeleka polisi kabla toba haijatimia atabeba nusu ya dhambi zake.

"Nusu?" akaguna Stergios, muuza nyama, mtu mwenye mikono kama mapaja ya ng'ombe. "Hizo hata lori halibebi."

"Na wewe unahusika vipi?" akauliza Bi Evanthia. Alikuwa mjane. Kiinua mgongo cha marehemu mumewe kilikuwa kimeishia Alkiona, baada ya kijana mmoja mwenye tai kumwambia kuwa hapo ni sawa na chini ya godoro, ila godoro hili linazaa.

"Mtawa alitaka mtu anayewafahamu wenye dhambi, Bi Evanthia."

"Hapo hakukosea," akasema yule mjane. "Kiingilio?"

"Euro ishirini. Za mishumaa."

Jumapili baada ya ibada wakakusanyika kwenye ghala la viatu lililofungwa tangu hali ilipokuwa mbaya. Iordanis aliketi kwenye kiti, mikono magotini, kama bwana harusi asiyempenda bibi. Prodromos alisimama kando, ndani ya koti jeusi la kuazima. "Ndugu zangu katika hasara! Mtu mmoja, kikombe kimoja, swali moja. Kinachorushwa ni kilichomo kikombeni, si kikombe!"

Stergios ndiye aliyefungua. "Hii ni ya pensheni ya mama yangu!" Pwaa! Ghala zima likashangilia. Iordanis akajifuta macho kwa vidole viwili, akasema, "Asante, ndugu yangu." Hilo halikuwa kwenye makubaliano, lakini lilipokelewa vizuri.

Bi Evanthia alikuja na bakuli lake mwenyewe, mtindi wa kondoo wenye utando mzito juu, kwa sababu hata adui yake hakumpa vitu vya dukani. Akasimama mbele ya kiti muda mrefu.

"Miezi ile yote," akasema, "wewe unajua benki inaanguka na sisi hatujui. Ulikuwa unalala?"

Iordanis akamtazama. "Vizuri sana, mama."

Prodromos akauma ulimi. Mpumbavu huyu anatumaliza! Lakini Bi Evanthia alitikisa kichwa polepole. "Angalau leo mmoja wao amesema kweli," akasema, kisha akammiminia bakuli zima kichwani, machozi yanamtoka, wala hakuyaonea haya. Nilisema Prodromos alikuwa na heshima zake: wakati huo alitazama pembeni.

Habari zikaenea. Jumapili ya pili watu walipanga foleni mpaka kwa fundi cherehani. Ya tatu, mtu mmoja akauliza swali ambalo kila mmoja alikuwa amelimeza: pesa zetu zitarudi lini? Iordanis alitakiwa kunyamaza. Badala yake akainuka, mtindi unamchuruzika kidevuni, akawaambia kwa sauti ya upole kwamba pesa zipo, zimefungiwa Luksemburgi, na yuko wakili mmoja wa kuzifungua.

"Ila wakili," akasema, "hali mtindi."

Watu wakacheka. Hapo ndipo walipopotea. Ukishamrushia mtu mtindi, akakushukuru, kisha mkacheka pamoja, huyo si mwizi wako tena, ni shemeji. Ikaonekana ni busara kila mwenye uwezo achange, na aliyechanga alipwe wa kwanza. Prodromos aliduwaa kwa furaha. Huyu Iordanis alikuwa na kipaji! Michango ile ikigawanywa nusu kwa nusu, kibanda kilikuwa chake, na chenji ikabaki.

"Na mdhamini nani?" Stergios akauliza.

Iordanis akanyoosha kidole, taratibu, kumwelekea Prodromos. "Ndugu yetu huyu."

"Aweke mkono juu ya picha ya Bikira," akasema Bi Evanthia, ambaye alikuja nayo mkobani, ama kwa ibada ama kwa sababu alimjua Prodromos tangu alipokuwa anaiba tini zake.

Prodromos alikuwa ameshaapa kwa vitu vingi: kwa macho yake, kwa mikate, kwa watoto asiokuwa nao. Kwa Bikira hajawahi. Marehemu mama yake alimwambia mkono hunyauka. Akakitazama kibanda moyoni mwake, kivuli chake, kiti chake. Akaweka mkono. "Zikipotea, nalipa mimi."

Michango ikaingia kwenye mfuko, na mfuko akauchukua Iordanis, kwa kuwa yeye ndiye mwenye wakili, na Prodromos, mtumishi wa mtawa, akionekana ameshika pesa watu wangeanza kunusa.

Haikupita wiki, mpwa wa Stergios aliyesoma sheria akacheka mpaka akakaa chini. Wakili gani? Luksemburgi gani? Mchana wake mkahawa ulijaa watu wanaodai chao, na Stergios alikuja moja kwa moja kutoka buchani bila kuvua aproni wala kuacha shoka. Prodromos alitokea mlango wa nyuma, akakimbia hadi chumba alichopanga Iordanis. Alimkuta amenyoa ndevu, anapiga viatu rangi.

"Toa mfuko, watu wamechachamaa!"

"Pesa hazipo."

"Hazipo vipi? Jumapili zilikuwepo!"

"Ndivyo zilivyo pesa," akasema Iordanis. "Zinakuwepo, halafu hazipo. Wataalamu wanalichunguza."

"Wataalamu gani, mwizi we! Zimo humu chumbani! Ninakwenda kuwaambia wewe ni nani!"

"Waambie. Uliwauzia mwigizaji wa Kavala, euro ishirini kwa kichwa, kwa jina la mtawa na Mlima Athosi. Muuza nyama atakusikiliza mpaka sentensi ya ngapi?" Akageuza kiatu, akaanza upande wa pili. "Fikiri, rafiki yangu. Mimi nikianguka, nakuangukia wewe. Lakini wewe ukiwalipa leo, hadharani, imani inarudi. Imani ikirudi, Jumapili wataleta mara mbili, maana nani anamwogopa mdhamini anayelipa? Pesa yako haipotei. Inakwenda kutuliza soko tu."

Prodromos alimtazama. Maneno yale alikuwa ameyasikia Alkiona ilipokuwa inaokolewa, kwa sauti nyingine, akayaona ni upuuzi mtupu. Lakini yakisemwa juu ya mtu mwingine ni upuuzi; yakisemwa juu ya mfuko wako yanaanza kuwa na mantiki. Mara mbili! Tamaa ikamshika mkono kama mama amshikavyo mtoto barabarani, ikampeleka mpaka nyuma ya kabati.

Aliwalipa wote kwenye meza ya Bi Evanthia, mpaka kopo likabaki na makombo ya biskuti. Watu walishangaa. Wengine walimbusu. Stergios aliweka shoka chini, akamkumbatia mpaka mifupa ikalia, akasema katika maisha yake yote hajawahi kuona aliyedhamini kitu akalipa.

Jumapili watu walijaa ghalani kuliko siku zote, mifukoni wana pesa, imani imerudi kama ilivyotabiriwa. Kiti kilikuwa kitupu. Wakangoja mpaka mtindi ukaanza kuchachuka zaidi ya ulivyochachuka, wakaondoka. Kule chumbani kwa Iordanis, Prodromos alikuta kitanda kimetandikwa vizuri.

Mkesha wa Mtakatifu Dimitrios, Prodromos alikuwa mkahawani, kahawa imepoa mbele yake, televisheni inaongea peke yake. Mara akatokea Bwana Kleanthis Doukas, uwanja wa ndege wa Zuriki, kanyolewa safi, suti mpya, waandishi wamemzunguka. Wanamuuliza atarudi lini kuwajibu wananchi. Doukas akatabasamu kwa upole.

"Wananchi nimeshakutana nao," akasema. "Ana kwa ana, pale Thesaloniki. Walisema yaliyowakera, nikawasikiliza mpaka mwisho. Ni mkuu gani mwingine wa benki amefanya hivyo? Huo ndio uwazi. Na Wagiriki ni watu wakarimu mno, mno."

"Katutaja!" Stergios akapiga meza. "Ni sisi hao!"

Mkahawa ukalipuka kwa vifijo na matusi kwa pamoja. Prodromos aliinuka, kikombe kikaanguka. Ile sauti. Ile mikono. Ile "asante, ndugu yangu."

"Ni yeye!" akapiga kelele. "Jamani, ni yeye! Alikuwa Doukas mwenyewe! Doukas kweli kweli!"

Watu wakamtazama kwa huruma.

"Sasa?" akasema Stergios. "Si wewe ndiye uliyetuambia?"

"Hamwelewi! Mimi nilijua siyo!"

"Kaa, mwanangu," akasema Bi Evanthia, akifuta kahawa kwa kitambaa. "Sisi tulijua ni yeye tangu siku ya kwanza. Kwani mimi ningemmwagia mtindi wangu mtu nisiyemjua?"

Prodromos akakaa. Hakuna aliyedanganywa. Mtaa mzima ulilipa ili kumwona Doukas, ukamwona Doukas, ukampaka alichostahili, na michango yake ukarudishiwa. Mtu mmoja tu katika Thesaloniki nzima ndiye aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, naye ndiye aliyelishona. Kesho mzee wa ufukweni angempa mtu mwingine funguo za kibanda. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni, Prodromos alilia mbele za watu, tena bila kukusudia kupata kitu.

"Zile nilizowalipa," akasema, "zilikuwa zangu. Za kibanda. Za uzee wangu. Zote."

Stergios akaitazama aproni yake. Mtu mmoja akakohoa, akakumbuka ana mbuzi wa kumkamua, ingawa aliishi ghorofa ya tatu.

"Serikali iliwaokoa wale kwa pesa zetu," Prodromos akasema, akijifuta pua. "Mimi nimewaokoa nyinyi kwa pesa zangu. Na mimi je, Bi Evanthia? Mimi nani ataniokoa?"

Bi Evanthia akamletea kahawa nyingine, akaiweka mbele yake, akamshika bega.

"Wewe si benki, mwanangu."