Jinsi Kagwiria Alivyokiteka Kiti cha Bosi

Tegeni masikio, enyi wauza ndizi wa Gakoromone, niwasimulie vita ambavyo hakuna awezaye kuvisimulia ila mimi, mwanamke msomi niliyefika darasa la saba. Haya basi, la sita. Na hilo la sita nililirudia. Lakini birika la chai siku hiyo lilikuwa langu, kwa hiyo wenye digrii wakae chini wasikilize.

Palikuwa na kampuni ya unga wa ndizi, watu sita wakifanya kazi ya ishirini, na juu ya mlango imeandikwa SISI NI FAMILIA. Mtawala wake alikuwa Hezekiah, Mfuta Likizo, Bwana wa Maliza-Hiyo-Kwanza, aliyeondoa viti vyote ili watu wasizembee, akabakiza kimoja, chake. Mwezi wa Januari akapiga marufuku chai ya saa nne, akaapa kwamba hata yeye ameiacha kwa ajili ya kampuni. Misheck alifumaniwa na uji nyuma ya magunia, akafutwa kazi kabla hajameza.

Na Kagwiria, Simba Jike wa Risiti, alikuwa karani, mpakiaji, mfagiaji, na mvua ikinyesha, paa.

Ikawa siku moja Hezekiah akatangaza kwamba anakwenda Embu kuonana na wanunuzi. Hata ilipotimu saa nne, nikapita mlangoni, mimi bibi yenu muuza chai, na birika langu la kutembeza. Kagwiria akautupa ufagio kama shujaa atupaye mkuki uliovunjika, akanena kwa sauti kuu:

"Shosho, mimina! Miguu hii imesimama tangu Januari! Nina watoto wawili shuleni na nikifutwa sijui nitawaambia nini, lakini leo nakunywa chai nimekaa!"

"Ukifutwa," nikamwambia, "utanisaidia kubeba birika. Ni zito."

Basi akakiendea kile kiti cha enzi, hatua kwa hatua, wenzake wanne wakishika vichwa. Akaketi. Kiti kikaguna kama fahali. Akapuliza, akavuta funda la kwanza, na papo hapo simu yake ikalia, akaipokea kwa spika.

"Kagwiria! Uko wapi?"

"Kwa kiti chako, bosi. Nakunywa chai."

Enyi watu, hata nzi walitua wasikilize.

"Kesho usikanyage hapo! Mimi niko huku Embu nateseka na wanunuzi, tangu Januari sijaonja chai hata tone, na wewe..."

"Hezekiah," sauti ya mwanamke ikamkata, "hiki kikombe cha tatu nikuongezee sukari?"

Nayo sauti hiyo ilitufikia mara mbili: kwa simu, na kwa ukuta wa mabati. Alikuwa Zuleka, mwenye hoteli ya chai ya jirani, mshindani wangu.

"Huku Embu," akasema Hezekiah pole pole, "kuna Zuleka mwingine."

Kagwiria alinyoosha mkono akagonga ukuta mara tatu, na ndani ya simu tukasikia: ko, ko, ko.

"Karibu!" akaitikia Zuleka.

Hapo bosi akasema, "Kagwiria, kunywa taratibu. Isikuunguze."

Ndivyo chai ya saa nne ilivyokombolewa, na viti vitano vikarudi kutoka uhamishoni, yaani stoo. Adhuhuri mtawala mwenyewe akaingia akijipangusa mabega.

"Hiyo barabara ya Embu," akatuambia, "ina vumbi sana."

Kwenye masharubu yake palikuwa na kipande cha mandazi, bado chatoa mvuke.