Seli Zote Zimekufa

Jumatatu, 3 Machi

Seli zimekufa. Zote! Kisahani kizima cha saratani, haikubaki hata moja ya kusimulia.

Nimewaeleza nyumbani wakati wa chakula. Ngozi ya chura ina kinga inayotoboa vijidudu. Sisi maabara tunaiiga kwa kemikali, tunaipakia ndani ya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, mzigo unakwenda kutoboa seli za saratani. Mama akasahau kutafuna. Shangazi, ambaye hospitali imempangia dripu yake ya kwanza ya saratani ya titi Jumatatu ijayo, akauliza kama dawa yangu nayo inanyonyoa nywele. Nikajibu hainyonyoi hata unywele mmoja. Akauliza itakuwa tayari lini. Nikasema si muda.

Nimelala nikijiona bingwa.

Jumanne, 4 Machi

Mkuu wa maabara kauliza habari za visahani vya seli nzima, zile zisizo na ugonjwa, ambazo dawa inapaswa kuziacha salama. Nilikuwa nimesahau kuvitazama. Nimevitazama. Marehemu nazo. Chembe zangu zinavuja, mzigo unamwagika kabla ya kufika, unatoboa mwenye hatia na asiye na hatia. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili ambaye kila anachogusa hufaulu, akasema bila kuulizwa kwamba hata sabuni ya kufulia inaua seli za saratani. Ni kweli inaua.

Nimerudi na nia ya kusema. Nikakuta Shangazi keshatangaza haendi hospitali, anasubiri dawa ya mwanawe, yaani mimi. Daktari alimwambia asichelewe, lakini daktari si ndugu. Mama naye keshawaambia majirani wa pande zote mbili. Nikala, nikaenda kulala na nia yangu. Mdomo uliponza kichwa, na safari hii kichwa si changu, ni cha Shangazi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata mbinu. Shangazi na vyura hawaivi chungu kimoja. Akimwona mmoja bafuni, nyumba nzima haiogi. Basi nikamkumbusha kwa upole kwamba dawa yangu ilianzia kwenye ngozi ya chura. Akasogeza kikombe chake kando. Akauliza, uso umemkunjamana, kama chura mwenyewe yumo ndani.

Hapo ningesema ndiyo, mambo yangekwisha. Lakini mtu ana heshima ya kazi yake. Nikasema chura hatumgusi, tunaiga umbo tu, na tulichotengeneza sisi kinadumu mwilini kuliko cha chura mwenyewe. Akashusha pumzi, akanibariki.

Mimi ni punda.

Ijumaa, 7 Machi

Mama kaniambia, katika kupiga soga tu, kwamba Shangazi siku hizi analalia ubavu mmoja, wa pili unamuuma. Nimeogopa kwelikweli.

Nimemfuata Miwani. Mpango: aje nyumbani Jumapili kama mtaalamu mkubwa, aseme dawa yangu ni nzuri mno, ila inamfaa zaidi mtu aliyetangulia kupata dripu. Shangazi atakwenda, mimi nitabaki na jina langu. Amekubali, kwa sharti nimwachie rafu yangu ya juu kwenye kabati la joto tunamokuzia seli. Rafu ile kila mtu anaitolea macho. Nimempa.

Jumapili, 9 Machi

Miwani kaja amechomekea. Kapewa chai. Kafungua mdomo, kasema ukweli mtupu. Kwamba bado tuko kwenye visahani. Kwamba baada ya visahani kuna panya, na baada ya panya kuna miaka. Kwamba dawa yangu ya wiki hii imeua wazima na wagonjwa. Kisha akaomba sukari.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shangazi hakukasirika. Akasema alijua tangu mwanzo. Mimi huyuhuyu niliahidi kutengeneza bomba la jikoni, na mpaka leo linavuja. Ila alikuwa anaogopa dripu, na maneno yangu yalimpa pa kujificha. Mama akalia. Nami nikalia kidogo, nikamwambia sitaki kumpoteza. Akanishika mkono, akasema basi kesho nimsindikize.

Kilichonichoma ni kwamba hakuniamini hata siku moja.

Jumatatu, 10 Machi

Hospitali. Shangazi kakaa kitini, dripu imeingia, mkono wake wa pili umo mkononi mwangu. Muuguzi kasema anaendelea vizuri. Nimefurahi mno.

Tatizo ni mzee wa kiti cha jirani, naye na dripu yake. Aliuliza nafanya kazi gani. Nikamjibu kwa kifupi. Akauliza kama kuna dawa yoyote mpya inakuja. Nilikusudia kusema bado sana. Ila Jumamosi nilibadilisha ganda la zile chembe, na ganda lenyewe, tuseme haki, halina mpinzani. Maneno yakatoka yenyewe: chura, chembe, seli zote zimekufa, nywele salama, si muda.

Mzee akamwita muuguzi aje amchomoe sindano. Shangazi akauachia mkono wangu.

Kesho nitamwona Miwani. Bado nina rafu ya chini.