Machozi ya Friji

Mtu mwingine yeyote aliyepita Lumemo asubuhi ile angeona maji tu. Yalikuwa yakichuruzika kutoka chini ya mlango wa karavani ya Mama Apolonia, yakishuka ngazi moja baada ya nyingine na kutengeneza kidimbwi ambamo bata wawili walikuwa wameshaanza maisha mapya. Pantaleo naye aliyaona maji hayo hayo. Alishuka kwenye baiskeli, akavua kofia, maana riziki ikija si adabu kuipokea na kofia kichwani.

Karavani ile ilikuwa ya mzungu mmoja mpima mto. Alikaa bondeni misimu miwili, akaondoka na ramani zake, na nyumba yake ya magurudumu akamwachia Mama Apolonia, aliyekuwa akimpikia. Mama Apolonia akaifanya hoteli. Ndani palikuwa na benchi, meza, na kitu ambacho watu walitembea kutoka Michenga kuja kukiona: friji ya mafuta ya taa. Chini yake uliwaka utambi mdogo, na juu yake togwa ilipoa mpaka meno yakauma. Mwaka ule wa hamsini na tano, kwa joto la Ifakara, mwanamke mwenye togwa ya namna hiyo alikuwa mkubwa kuliko jumbe.

Pantaleo alikuwa fundi. Ukimuuliza fundi wa nini, alikutazama kwanza kujua umeharibikiwa na nini. Saa, karabai, cherehani, gramafoni, vyote aliviweza kwa maneno, na mara chache kwa mikono. Mali yake hasa ilikuwa baiskeli: nyeusi, yenye taa mbele na kengele kubwa iliyong'arishwa kila Jumapili baada ya misa. Aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na alikuwa na sababu. Fundi mwenye baiskeli hupewa kiti. Fundi wa miguu huulizwa stakabadhi ya kodi, na stakabadhi ya kodi ni kitu ambacho Pantaleo hakuwahi kuwa nacho.

Sasa, kwa bahati ya pekee, ugonjwa wa friji ile aliujua kweli. Zamani aliosha vyombo nyumbani kwa meneja wa shamba la mkonge huko Kilosa, na friji ya meneja ilivuja vivyo hivyo. Ndani yake kulikuwa na kibomba chembamba cha kutolea maji nje. Nyigu walikijengea udongo, maji yakakosa njia, yakarudi sebuleni. Meneja alisokomeza waya, akatukana mara mbili, ikapona. Pantaleo aliikumbuka dawa hiyo vizuri sana, na ndiyo maana hakuwa na nia hata kidogo ya kuitumia. Friji iliyopona hubaki kwa mwenyewe. Friji mahututi husafirishwa. Na ikishasafirishwa mpaka Kilosa, kwenye chumba alichokwisha kukichagua karibu na stesheni, ikajazwa bia, nani tena angemwita Pantaleo fundi? Wangemwita bwana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lakini angalia miguu."

Kwenye benchi alikaa Melkiori, mvuvi wa Kindamba, akinywa chai huku miguu ameikunja juu. Alizoea mto, lakini hakupenda kuukuta hotelini. Pantaleo alizunguka friji taratibu, akaigonga ubavuni, akaweka sikio, akafumba macho.

"Inalia," alisema.

"Inalia nini?"

"Mama, chini hapa kuna moto, juu kuna barafu. Umewahi kuona moto na barafu wakikaa nyumba moja kwa amani? Wanagombana. Hayo unayoyaona sakafuni ni machozi."

Mama Apolonia aliyatazama machozi. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sifa ya kuhesabu hata mbegu za limao. "Na wakizidi kugombana?"

"Kibofu cha ndani kinapasuka. Boma moja la huko nilikotoka liliruka na paa."

Melkiori alishusha miguu majini bila kujali, akahamia karibu na mlango.

"Tiba yake?"

"Iko kiwandani Dar es Salaam. Bahati nzuri lori la Dionisi linaondoka kesho. Nitaisindikiza mwenyewe, nitairudisha mwenyewe. Na kwako, mama, kazi yangu ni bure."

Neno bure lilimwingia Mama Apolonia moja kwa moja. Macho yalimng'aa, akayaficha haraka. Lakini hakuwa mtu wa kutoa friji kwa mgeni. "Wewe kwenu wapi?" aliuliza.

Hapo ndipo Pantaleo alipopiga hesabu yake, na ninyi wasomaji mnaombwa kuikumbuka. Alizaliwa Matombo, kwa Waluguru. Mluguru kwa watu hawa ni mpita njia kama wengine. Lakini nusu ya wakazi wa hapa ni Wapogoro waliotoka Mahenge, na mtani wa Mpogoro ni Mngoni. Mtani hupita mahali ambapo hata padri hubisha hodi. Mtani hutukana akachekewa, hula akashukuriwa.

"Songea, mama. Mngoni kamili! Babu zangu ndio waliowakimbiza babu zenu mpaka wakaizoea milima. Haki ya mjomba wangu, siwezi kumdanganya mtani."

Melkiori alipaliwa na chai. Pantaleo alimpiga mgongoni kwa huruma.

Mama Apolonia alimtazama mgeni wake kwa muda, kisha uso wote ukafunguka. "Mngoni! Ungesema mapema. Basi kula kwanza, mtani. Friji tutaifunga kesho."

Akala. Akala samaki, akala wali, akamwambia mwenye hoteli kwamba chumvi yake ni ya kipofu, na watu wakacheka. Wakacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili, lakini Pantaleo hakuona ajabu. Alijua ana kipaji.

Asubuhi lori la Dionisi lilikuwa limeshageuzwa kuelekea barabarani. Pantaleo alizima utambi wa friji, akaifunga kamba, akazunguka nayo kama anamvika bibi harusi. Barafu ya ndani ilianza kuyeyuka na sakafu ikawa bahari. Alipotoka kuwaita wabebaji alikuta watu wengi kuliko aliowahitaji, wote wakitazama juu.

Baiskeli yake ilikuwa juu ya paa la karavani, imefungwa kwa khanga.

"Mtani," alisema Pantaleo, akijitahidi kutabasamu, "baiskeli yangu inafanya nini huko?"

"Yako? Ya kwangu," alisema Mama Apolonia. "Nimeichukua kwa utani."

Pantaleo aliitazama baiskeli yake, akapiga hesabu upya. Kama mtu angemwibia, angepiga kelele mpaka Mahenge wasikie. Lakini mtani akichukua kitu chako mbele ya watu, huna pa kwenda. Ukienda kwa jumbe, jumbe mwenyewe atashika mbavu. Unakomboa kwa masharti yake, na unakomboa huku unacheka. Njia nyingine ilikuwa moja tu: kusema hapo hapo kwamba yeye si Mngoni. Na mtu aliyedanganya kuhusu babu yake, nani angemwamini kuhusu kibofu cha friji?

"Haya, nikomboe kwa nini? Tumbaku? Jogoo?"

"Kwa friji. Itengeneze hapa hapa, nikiona."

"Mama, haiwezekani! Bila kiwanda italipuka!"

"Ikilipuka tulipuke wote. Watani si ndio tunaozikana?"

Umati ulipiga vigelegele. Pantaleo aliangalia lori, akaangalia paa. Kilosa, chumba cha karibu na stesheni, bia, vyote vilianza kuyeyuka pamoja na ile barafu. Aliifikiria safari ya miguu mpaka Kidatu, na kila karani njiani akinyoosha mkono kudai stakabadhi.

"Nileteeni waya," alisema kwa sauti ndogo.

Waya haukuwepo. "Chomoa spoki ya baiskeli," alisema Mama Apolonia kwa ukarimu. "Kwa sasa ni yangu, nakuruhusu."

Basi spoki ikachomolewa. Pantaleo aliona karavani imeinama, tairi moja limezama kwenye udongo wa masika. Akawaamuru wanaume wainue, wakaweka tofali. Friji ikasimama wima, maji yaelekee kwenye kibomba. Kisha akapiga magoti nyuma ya karavani, akakitafuta kibomba kinapotokea nje, akasokomeza. Kitu kikagoma. Akasokomeza tena. Likatoka bonge la udongo, akatoka nyigu mmoja mwenye hasira, na nyuma yake maji yakaruka nje, meupe na ya baridi, yakamlowesha kuanzia kola mpaka kiuno.

Ndani Melkiori alipaza sauti: "Sakafuni yamekoma!"

Watu walishangilia. Pantaleo, ametota, alijikuta anatabasamu, na safari hii halikuwa tabasamu la kazi. Alikuwa ametengeneza kitu na kitu kimetengenezeka. Alifurahi, na kufurahi huko kulimtia aibu sana.

Baiskeli ilishushwa. Ilikuwa nzima, isipokuwa spoki moja. Na kengele.

"Kengele nimebaki nayo," alisema Mama Apolonia. "Ya kukukumbuka, mtani."

Alisafiri polepole, gurudumu likiyumba. Kesho yake mchana alikuwa Sanje, ameegesha kwenye vibanda vya ndizi, ndipo lori la Dionisi, lililokuwa limeahirisha safari siku moja, likasimama mbele yake. Dionisi alishuka na chupa iliyoviringishwa kwenye gunia bichi.

"Salamu kutoka kwa Mama Apolonia. Anasema hivi: Mngoni huapa kwa baba yake. Mtu anayeapa kwa mjomba ni Mluguru."

Pantaleo alivua kofia. Kwao mjomba ndiye kila kitu. Kiapo kile kilimtoka kama kupiga chafya. "Mpogoro kajuaje mambo ya Waluguru?"

"Mpogoro nani?"

"Mama Apolonia!"

"Nani alikwambia ni Mpogoro?" Dionisi alikuwa akifurahia kila neno. "Mama Apolonia ni Mluguru. Amezaliwa Matombo. Lumemo nzima inajua."

Pantaleo alirudisha mawazo nyuma, neno kwa neno, mpaka kwenye shikamoo. Kweli, hakuna aliyemwambia. Alijiambia mwenyewe.

"Kwa hiyo utani haukuwepo!"

"Haukuwepo hata kidogo. Ule ulikuwa wizi mtupu, wa mchana kweupe. Rudi ukamshitaki." Dionisi alipanda lori. "Utaijua hoteli yake kwa sauti. Togwa ikipoa anapiga kengele."

Pantaleo alikasirika. Alikasirika kwa dhati, akafungua chupa kwa hasira, akanywa, na meno yakamuuma kwa baridi mpaka akafunga macho. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na muuza ndizi akadhani mgeni analia, akamsogezea kiti. Alicheka mpaka akamaliza chupa. Miaka yote ya kazi yake hakuwahi kukutana na fundi wa kiwango kile, na kumbe ni mtu wa nyumbani.

Alipopanda baiskeli tena, mbuzi walikuwa wamejaa barabarani. Kidole gumba kilienda chenyewe kwenye usukani, kikakuta chuma kitupu. Pantaleo akajaza pumzi, akapaza sauti, "Kringi! Kringi!" na mbuzi wakampisha.