Tulivyojifanya Tunakimbia Ukweni

Jamani, leo nimeaibika. Mchana kweupe, mlimani, mbele ya wakwe. Na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe, kwa maandishi yangu mwenyewe. Nawasimulia sasa hivi kwa sababu shangazi yake mchumba wangu, Witness, ameshaanza kusambaza, na yule mama chumvi haijawahi kumwishia.

Wengi mnajua ugonjwa wangu. Wenzangu wanapenda mpira, mimi napenda vita vya kale. Tuko watu saba hapa mjini. Jumamosi tunakutana nyuma ya duka langu la vifaa vya ofisi pale Themi, tunatandika shuka la kijani mezani, tunapanga askari wa udongo tuliowafinyanga na kuwapaka rangi ya kucha, tunarusha dadu. Warumi wanapigana na Wamongolia mpaka mama ntilie wa jirani anakuja kuuliza kama hatuna wake. (Watano hawana. Mimi nilikuwa nakaribia kupata.)

Na tuna jarida. Linaitwa Uwanja wa Kale. Mhariri ni mimi. Mwandishi mkuu, mimi. Mtoa fotokopi na mbana pini, mimi. Msomaji? Hapo sikuwa na uhakika. Wanachama wenzangu husema "nimeliona, zuri sana", halafu unakuta wamefungia maandazi. Witness, mchumba wangu, nilikuwa nampa kila toleo. Analipokea, analitia kwenye mkoba, anasema asante. Sikuwahi kumuuliza linaishia wapi. Niliogopa jibu.

Toleo la mwisho niliandika kuhusu mbinu ya kujifanya unakimbia. Aisee, mbinu tamu! Waingereza wa kale walikuwa juu ya kilima, wameshikamanisha ngao. Wanormani, wavamizi wao, wanapanda na farasi, wanarudishwa. Wanapanda tena, wanarudishwa. Mwishowe wapanda farasi wakageuza na kushuka mbio, kana kwamba wameshindwa. Walio juu wakaona raha, wakavunja mstari, wakateremka kuwafukuza. Kule chini farasi wakageuka. Kwisha habari yao. Wasomi wanabishana mpaka leo kama wale farasi walijifanya au waliogopa kweli. Mimi niliwataja wasomi hao, halafu nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba walijifanya. Na mwishoni, kwa kuwa najipenda, nikaweka ushauri kwa walio kilimani. Huo ushauri tutaurudia.

Sasa leo ilikuwa siku ya kwenda kuzungumza mahari. Wakwe wako mlimani juu ya Kikatiti, kwenye kahawa na migomba. Baba yake Witness, Mzee Eliamani, ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Haongei sana, na akiongea hajirudii.

Asubuhi Witness akanipigia simu.

"Baba akitaja kitu, kubalini. Akishasema hapana, huwa imeisha. Nakuomba, Godlisten. Usije na ujanja."

"Ujanja gani tena, mpenzi?"

(Nilikuwa nimeshachora ramani.)

Ndiyo. Jana jioni nilikaa na baba mkubwa Aminieli, msemaji wetu, nikampangia vita yote mezani. Kopo la sukari ndiyo nyumba ya wakwe. Vijiko ndiyo sisi. Nikamweleza: wakikaza sana, tusibishane. Tunaaga kwa heshima, tunapakia vitu vyetu, tunashuka. Wataingiwa na hofu, watatukimbilia. Anayekukimbilia hawezi kukaza tena.

Baba mkubwa anauza vipuri vya magari. Alisikiliza, akapiga paja.

"Lakini hiyo si ni ya mteja anayeondoka dukani! Anafika mlangoni, unamwita, unapunguza bei."

"Ndiyo hiyohiyo, baba mkubwa."

"Na umesoma mpaka umeandikia jarida?"

Nikakusanya vijiko. Alikuwa ameelewa, ilitosha.

Tukaenda na pikapu. Nyuma mbuzi wawili, kreti za soda, pombe ya mbege, na blanketi la bibi yake Witness. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kupanda imelainika. Tukapokewa vizuri sana. Shikamoo zikapigwa, sala ikasaliwa, tukaketi barazani. Bwana harusi mtarajiwa haruhusiwi kuongea, kwa hiyo mimi nilikaa pembeni na suti yangu, nimefunga mdomo. (Laiti ningefunga na akili.)

Mazungumzo yakaenda kama siagi. Hiki sawa, kile sawa. Kisha Mzee Eliamani akaweka kikombe chini.

"Na ng'ombe mtamba mmoja, wa bibi yake Witness. Yeye ndiye aliyemlea."

Hapo niwe mkweli. Mtamba huyo hakuwa tatizo. Witness alishanidokeza zamani kwamba bibi lazima akumbukwe, na zizini kwa baba mkubwa kuna mtamba niliyemwandaa. Baba mkubwa alitakiwa kusema ndiyo tu, tule, tucheze, turudi nyumbani.

Lakini akanigeukia. Akanikonyeza. Na mimi, mwenye mchumba mmoja tu duniani, nikaitikia kwa kichwa! Kwa nini? Nimejiuliza njia nzima ya kurudi. Nadhani ni kwa sababu miaka yote nimewakimbiza askari wa udongo mezani, na sikuwahi kuona ile mbinu ikifanya kazi kwa watu. Nilitaka kuiona. Upumbavu mtupu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baba mkubwa akasimama, akajikung'uta.

"Wazee wangu, tumewasikia. Hilo la mtamba limetuzidi. Ngoja sisi tushuke, tukajitafakari."

Shangazi yake Witness akafungua mdomo, Mzee akainua kidole, shangazi akafunga. Tukabeba. Kreti tukabeba. Mbege tukabeba. Mbuzi mmoja alikuwa ameshaanza kuzoea majani ya ukweni, tukamvuta kwa nguvu akilia njia nzima mpaka kwenye gari. Nikatupa jicho barazani. Hakuna aliyeinuka.

"Endesha polepole," baba mkubwa akamwambia dereva, "wasije wakashindwa kutufikia."

Tukatoka getini polepole. Tukapita mgomba wa kwanza polepole. Mimi macho kwenye kioo cha pembeni.

"Wanakuja?"

"Bado."

"Sasa?"

"Mzee anamiminiwa chai."

"Chai?!"

Dereva naye akageuka aone hiyo chai. Tairi la nyuma likaacha njia, pikapu ikateleza, ikakaa mtaroni upande mmoja juu, upande mmoja chini. Kreti moja ikamwagika. Mbuzi yule mwenye msimamo akaruka, akarudi ukweni peke yake, mkia juu.

Basi tukawa pale kwenye kona, chini kidogo tu ya nyumba, wanatuona wote. Kwenda hatuwezi. Kurudi tunaona aibu. Baba mkubwa anasukuma na suti. Mimi niko na magoti kwenye matope, naokota soda za wakwe. Na hapo ndipo nilipoinua macho nikaona dirisha la jikoni. Witness alikuwa amesimama pale. Hakucheka, hakuniita. Alinitazama tu, kisha akafunga pazia.

Kwenye ramani yangu nilikuwa nimeweka kopo la sukari na vijiko. Dirisha la jikoni sikuliweka. Yeye hakujua kama ni mbinu. Alichokiona ni mwanaume aliyemwambia atamwoa, anapakia mbege yake na kuondoka kwa ajili ya ng'ombe mmoja.

Nikasema, "Baba mkubwa, turudi. Sasa hivi. Tutoe mtamba."

"Gari liko mtaroni, mwanangu."

"Turudi kwa miguu!"

Kabla hatujapiga hatua, shangazi akateremka. Mwavuli mkono mmoja, karatasi mkono mwingine. Akasimama juu ya ukingo wa mtaro, akavaa miwani bila haraka yoyote. Nikaitambua ile karatasi. Pini niliibana mimi.

"Baba Witness ameniambia niwasomee," akasema. Akasafisha koo. "'Ushauri kwa walio kilimani. Ukiona adui anaondoka kwa mpangilio mzuri, na mizigo yake yote ameikumbuka, usimfuate. Aliyeshindwa kweli huacha vitu. Baki juu, agiza chai, subiri. Kilima hakikimbii.'" Akainua macho. "Hapa chini pameandikwa jina. Sijui ni la nani. Ninyi mnamfahamu?"

Mama yangu! Baba mkubwa alinigeukia taratibu.

"Uliwaandikia na dawa yake?!"

"Baba mkubwa, nilidhani hakuna anayesoma."

"Tena Mzee anasema," shangazi akaendelea, sasa kicheko kinamtoka hadi mwavuli unatikisika, "chai iko. Mkitaka, pandeni. Msipotaka, Kikatiti iko hukohuko chini."

Tukapanda. Kaka zake Witness wakashuka kutoa gari, wakatupita bila kusema kitu, lakini mabega yalikuwa yanacheza. Barazani Mzee Eliamani hakuwa amesogeza kiti. Pembeni yake pale mezani kulikuwa na Uwanja wa Kale. Si toleo moja. Yote. Yamepangwa, yamejaladiwa kwa kalenda ya kanisa. Hata lile la kwanza kabisa lenye wino uliovuja, ambalo mimi mwenyewe sina tena.

Baba mkubwa akaanza kuomba radhi, akataja mtamba, akataja faini kabla hajaulizwa. Mzee akamtuliza kwa mkono, akanitazama mimi.

"Najua wewe huruhusiwi kuongea. Leo ongea. Umeandika kwamba wasomi hawajakubaliana kama wale farasi walijifanya au walikimbia kweli. Sisi tumekuona ukishuka hapa. Wewe ulikuwa wapi kati ya hayo mawili?"

Hakuwa anatania. Na nikaona kanga ya Witness nyuma ya mlango, imetulia, inasubiri jibu hilohilo.

Nikasimama na matope yangu. Nikasema, "Shikamoo tena, mzee. Mwanzo tulijifanya. Mtamba yupo, alikuwepo tangu mwanzo. Ila pale mtaroni nilipomwona Witness amefunga pazia, niliogopa kweli. Sijawahi kuogopa hivyo. Naomba radhi kwako, kwa bibi, na kwake kabla ya wote."

Mzee akafungua jarida, akachukua penseli sikioni, akaandika kitu pembezoni.

"Basi na wale farasi walikuwa na yote mawili," akasema. "Rekebisha makala yako. Faini ni huyo mbuzi aliyerudi mwenyewe. Yeye alikuwa na akili kuwazidi."

Baraza zima likaangua kicheko. Baba mkubwa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kucheka, lakini nawaambia ukweli, machozi yalikuwa karibu zaidi. Nilikuwa nimeumbuka kuliko siku zote za maisha yangu, na papo hapo nilikuwa nimegundua kwamba nina msomaji. Mmoja. Mwenye penseli. Aliniuliza wale farasi walinyweshwa wapi siku ile ya vita, kwa sababu sikuandika. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza farasi wamenyweshwa wapi! Tulizungumza habari za maji ya farasi mpaka chakula kikapoa.

Witness alileta chai. Yangu haikuwa na sukari. Sikuuliza.

Wakati wa kuondoka (kuondoka kweli, na tuliaga mara tatu ili tusieleweke vibaya) akanisindikiza mpaka kwenye gari.

"Niliamini, Godlisten," akasema. "Nilipoona mnabeba hadi blanketi la bibi, niliamini kabisa."

"Najua. Nisamehe."

"Hicho kitu usikifanye tena. Hata kwa mchezo."

"Sitafanya."

"Na toleo lijalo nataka nilisome mimi kwanza, kabla ya baba." Akanifuta tope shavuni, akalitazama kidoleni, ndipo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Sijawahi kupenda kuchekwa hivyo.

Kwa hiyo posa imekubaliwa, mtamba anapanda wiki ijayo, na magoti ya suti hayajatakata. Ninyi wanachama wenzangu mnaofungia maandazi, sina la kuwaambia. Wengine naomba mnicheke taratibu, kidonda bado kibichi.

Mzee Eliamani anakuja Themi Jumamosi, anataka naye kucheza. Nimempigia kumuuliza atapenda jeshi gani: Warumi, Wanormani, Wamongolia? Akasema lolote tu nitakalompa, yeye hachagui, mradi nimpange juu ya kilima na nisisahau chai.